Mbuzi wa Matanga

Nilikotoka, mtu akikamatwa na polisi, jambo la kwanza watu wa nyumbani hufanya ni kutafuta simu. Wanampigia binamu aliyesomea sheria, wanampigia mchungaji, wanampigia yeyote anayemjua yeyote. Wakikosa wote, wanakwenda kituoni wenyewe kupiga kelele. Mimi ni mzaliwa wa Kenya na kelele hizo nimekulia ndani yake. Nilipoolewa Juba nilikuja nazo pamoja na sufuria zangu.

Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya hapa. Mume wangu ni mtu wa Sudan Kusini aliyelelewa kambini Uganda, na tulikutana alipokuja kwetu kusoma. Kazi yake humpeleka majimbo ya mbali, hukaa huko hadi watoto huanza kuuliza sura yake. Kwa hiyo nyumbani kwetu Gumbo, ng'ambo ya daraja, tulikuwa mimi na watoto, baba mkwe, na mdogo wake mume wangu. Huyo wa mwisho nilimwita shemeji, naye akaniita shemeji, tukataniana mpaka majirani wakachoka na sisi. Alikuwa mwendesha boda boda. Kiti cha pikipiki alikivisha kitambaa cha madoa ya chui, nikawa namwambia amemkalia mnyama ambaye akimwona ana kwa ana ataacha pikipiki, viatu na imani yake.

Adhuhuri moja mama muuza vitunguu aligongwa na pikipiki kwenye barabara ya Nimule, si mbali na kwetu. Aliyemgonga hakusimama. Shemeji, kwa maelezo yake, alikuja nyuma akitoka kumshusha abiria, akamkuta mama amelala katikati ya vitunguu vyake. Alimjua, maana sote tulinunua kwake. Akasimama, akaiangusha pikipiki kando, akamwinua. Watu walipotoka mbio vibandani walimkuta yeye na damu kwenye shati. Mmoja akasema pikipiki iliyogonga ilikuwa na kiti cha chui. Nusu ya pikipiki za Juba zina kiti cha chui, lakini nani angesikiliza hayo wakati ule? Mama alikata roho kabla hajafika hospitali. Polisi ndio waliomtoa shemeji mikononi mwa watu, na kwa hilo ninawashukuru hadi leo, maana wangemuua palepale.

Nilifika kituoni nikiwa bado na sare ya hoteli. Afisa aliyekuwa zamu alikuwa mtu wa rika langu. Naye aliwahi kuwa mkimbizi Uganda, kwa hiyo Kiswahili kilikuwepo.

"Afande," nikamwambia, "sheria yenu wenyewe inasema mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne. Shemeji yangu mnampeleka lini?"

"Sheria iko, mama," akasema. "Iko mzuri sana. Gari ndiyo haina mafuta."

"Basi tutatembea naye."

Akanitazama kuona kama nafanya mzaha. "Wewe natembea na yeye, watoto ya yule mama nakutana na nyinyi kwa njia. Halafu? Mimi hapa sikufunga yeye. Mimi nalinda yeye."

Nikadai wakili. Akarudia neno hilo kwa adabu, "Wakili," kisha akanionyesha benchi nisubiri. Nilisubiri hadi jua likapungua. Wakili hakuja, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametumwa kumwita. Nilipogundua hivyo nilisema maneno ambayo mke wa watu hapaswi kuyasema kituoni, na yule afisa akayapokea yote bila kukasirika. Hilo liliniudhi kuliko kama angenifukuza. Kabla sijaondoka aliniruhusu nimwone shemeji dirishani. Uso ulikuwa umevimba. "Ana ma dugu," alikuwa akirudia kwa Kiarabu cha Juba, hata kwangu mimi ambaye huzungumza naye Kiswahili. Sikumgonga. Sikumgonga.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimepanga vita yangu yote kichwani. Nikamkuta baba mkwe uani na ndugu zake wawili, na mbuzi dume amefungwa kwenye nguzo ya jiko. Mbuzi huyo alikuwa ameletwa kutoka Rejaf, kwa jamaa zetu wanaolima kule.

"Baba, mbuzi huyu ni wa nini?"

"Ya msiba," akasema. "Kesho tunaenda kwa watoto ya yule mama."

Nikamwambia akipeleka mbuzi atakuwa amekiri kosa kwa niaba ya mwanawe. Nikamwambia kwetu hata wakili aliyehitimu jana angelitumia hilo dhidi yake. Nikamwambia asubiri, tumsikilize kwanza mtu mwenye kujua sheria, kwa kuwa mtuhumiwa hana hatia mpaka ithibitishwe, na si kazi ya familia yake kumthibitishia. Niliyasema yote kwa pumzi moja, nimesimama, jambo ambalo mkaza mwana hafanyi.

Hakunikaripia. Alinionea huruma, na hicho ndicho nilichoshindwa kukivumilia. "Mtoto yangu, mtu akikufa na jina ya nyumba yako nasemwa pale, unaenda kulia na wao. Hauulizi kwanza nani naua. Hiyo kuuliza iko ya baadaye, ya masultani, wazee ya kabila, na ya serikali. Kwanza unaenda."

"Na msipokwenda?"

"Basi umesema wewe iko furaha."

Ndugu yake mkubwa ndiye aliyenieleza kilichobaki. Kifungua mimba wa marehemu ni mwanajeshi, anaishi upande wa Bilpam. Ana wadogo zake, watu wazima. Wakiona nyumba yetu imekaa kimya, hawatahangaika kumtafuta aliyegonga. Nyumba wanaijua, na nyumba ina wanaume. Hapo akaangalia njia ambayo mume wangu hupitia akirudi kutoka safari. Mimi pia nikaiangalia.

Kesho yake nilijifunga kitenge, nikabeba sukari na majani ya chai, nikaenda nao. Watu wote waliokuwa kwenye matanga walitugeukia tulipoingia. Baba mkwe hakusema habari ya pikipiki wala ya mwanawe. Alisema, "Tumekuja kulia na nyinyi." Yule mwanajeshi akainuka, macho mekundu, mrefu hadi nikalazimika kuinua kichwa. Akamtazama baba, akamtazama mbuzi. Kisha akashika kamba, akawapa wanawake, akasema, "Tumewaona. Kaeni." Tukakaa chini. Nililia, na sikuwa naigiza. Yule mama alikuwa na kawaida ya kuwatupia watoto wangu kitunguu kimoja cha ziada, akisema ni cha kuwafanya warefu kama watu wa huku.

Tangu siku ile hakuna aliyerusha hata jiwe kwenye bati letu. Watu wa matanga walitusalimia njiani. Mbuzi alifanya kazi yake, na mimi niliyempinga nililala usingizi kwa sababu yake. Siwezi kusema vinginevyo.

Lakini habari haikai mahali pamoja. Mpelelezi aliyekuja Gumbo kutafuta mashahidi hakumpata hata mmoja aliyeona pikipiki ikigonga. Kila mtu alikuwa amesikia kishindo, kila mtu alikuwa amegeuka baadaye. Alichopata ni hiki, kwamba familia ya mshukiwa ilipeleka mbuzi. Kila aliyemuuliza alikuwa amemwona mbuzi. Kesi isiyokuwa na shahidi sasa ilikuwa na mbuzi.

Walimhamishia gerezani. Sisi ndio tuliokuwa tukimlisha. Nilipika asida, ugali wa hapa, na mboga asubuhi, nikapitia kule kabla ya kazi, na wafungwa wasio na mtu wa kuwaletea walikula naye, kwa hiyo nikajifunza kupika nyingi. Kesi ilitajwa ikaahirishwa. Hakimu alikuwa safarini, au mpelelezi alikuwa amehamishwa, au hatukuelezwa sababu. Wapo mle ndani waliomwambia kwamba wao hawajawahi kumwona hakimu kabisa, na walimwonea wivu kwa kuahirishiwa.

Na hapo ndipo shaka ikaniingia. Mtu akikaa ndani muda mrefu, hata anayempenda huanza kujiuliza. Nilikuwa nikimpa sahani huku namwangalia mikono. Siku moja nikamuuliza bila kuzunguka.

"Shemeji, niambie ukweli. Ulimgonga yule mama?"

Aliacha kula. "Hata wewe?"

"Niambie tu."

"Kama ningemgonga, ningekimbia," akasema. "Wanaogonga wanakimbia, shemeji. Si unaona? Aliyemgonga yuko nje anabeba abiria. Mimi nilisimama." Kisha akarudisha sahani nusu ikiwa imejaa. Nilienda kazini nikawakaribisha wageni kwa tabasamu, nikawapa funguo zao, nikajifungia chooni nikalia.

Hatimaye kesi ikasikilizwa. Chumba kilikuwa cha joto na feni haikuzunguka. Hakimu alizungumza Kiingereza, karani akageuza kwa Kiarabu cha Juba, na mimi ninaandika kwa lugha ninayoiweza. Swali la kwanza lilikuwa kama mshtakiwa ana wakili. Hana. Je, yuko tayari kuendelea bila wakili?

Shemeji akauliza, "Nikisema siko tayari, nitarudi ndani mpaka lini?"

Hakimu alifikiri kwa uaminifu kabisa, akasema hajui.

"Basi niko tayari," akasema shemeji.

Nilijaribu kumchukia yule hakimu nikashindwa. Alikuwa mtu mchovu mwenye sauti ya chini, aliyesikiliza kila mmoja hadi mwisho. Alimwita baba mkwe. Mzee alikuwa amevaa koti lake la kanisani, akasimama wima, maana aliona anaulizwa juu ya jambo la heshima alilolifanya sawasawa.

"Mzee, wewe hupeleka mbuzi kwa kila msiba wa Gumbo?" akauliza mwendesha mashtaka.

"Hapana. Nitatoa wapi?"

"Kwa nini ulipeleka kwa huu?"

"Kwa sababu jina yetu nasemwa."

"Na jina lenu lilisemwa kwa sababu gani?"

Baba akafungua mdomo, akaona shimo lilipo. Akasema kwao ndivyo ilivyo, mtu akifa unaenda kwanza. Mwendesha mashtaka akashukuru, akakaa. Nilitaka kusimama niseme. Nilisimama kweli, na karani akaniashiria kwa kidole nikae, nikakaa.

Kisha akaitwa yule mwanajeshi. Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, bila sare. Hakimu akamuuliza kama watu wetu, walipoleta mbuzi, walisema mtoto wao ndiye aliyemuua mama yake.

"Hapana," akasema. "Walisema wamekuja kulia."

"Kwa desturi yenu, kuleta mbuzi ni kukiri?"

"Hapana. Ni kuleta amani."

Nikamshika baba mkwe mkono bila kufikiri, baba mkwe ambaye sipaswi hata kumgusa.

"Wewe ulimwona aliyegonga?"

"Sikuona. Kwetu hakuna aliyeona."

"Basi unaiomba nini mahakama?"

Alimtazama shemeji usoni, na nina hakika ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama. "Mimi sijui kama ni huyu," akasema. "Inawezekana si yeye. Lakini huyu akitoka, nani atakaa ndani kwa ajili ya mama yangu?"

Karani aligeuza maneno hayo kwa Kiingereza. Sikuona chuki usoni mwa yule mwanajeshi. Alikuwa akiuliza kweli, kama mtoto anavyouliza. Hakimu aliandika, akainua kichwa, akaandika tena. Baada ya mapumziko akamtia shemeji hatiani, akampa miaka ambayo sitaitaja hapa kwa sababu kila nikiitaja baba mkwe hutoka nje.

Sikukubali. Mwanamke tunayesali naye alinikutanisha na wakili mmoja, binti mdogo anayewasaidia wafungwa bila malipo. Nilimsimulia kila kitu. Alinisikiliza, akaniambia rufaa hii ina nguvu. Hakuna shahidi wa macho. Mshtakiwa hakupewa wakili. Mlalamikaji mwenyewe kasema mbuzi si kukiri. Nilirudi hotelini nikicheza nyuma ya meza ya mapokezi, mgeni mmoja akaniuliza kama nimeposwa. Kilichohitajika ni shemeji mwenyewe aridhie na kutia sahihi kabla muda wa rufaa haujapita.

Tulikwenda naye gerezani. Wakili alimweleza taratibu kwa Kiarabu cha Juba, kisha mimi nikamweleza tena kwa Kiswahili, kwa furaha ya kipumbavu. Alisikiliza. Kalamu hakuishika.

"Nikitia sahihi nitatoka?"

"Ninaamini hivyo," akasema wakili.

"Na yule kaka mwanajeshi atafanya nini?"

Hatukumwelewa. Au wakili hakumwelewa, na mimi nilikataa kumwelewa.

"Shemeji, si ulisikia?" akaniambia. "Anataka mtu mmoja wa nyumba yetu awe ndani. Sasa anaye. Ametulia. Mimi nikitoka, mbuzi ameshaliwa, mama yake bado amekufa. Atarudi kwenye nyumba. Baba ni mzee, hawahesabu mzee. Atabaki ndugu yangu."

Nilimwambia huo ni upuuzi. Nilimwambia kuna polisi, kuna mahakama, kuna sheria, na nikajisikia nilivyokuwa nikiyataja majina hayo, kana kwamba ni jamaa zangu wa karibu. Nilimwambia hana haki ya kujifunga mwenyewe kwa kosa la mtu mwingine. Nilipandisha sauti hadi askari akasogea. Nikamgeukia wakili, mwambie, wewe umesoma, mwambie. Yule binti alikuwa ameshaanza kurudisha kalamu mkobani. Akasema kwa upole kwamba rufaa ni haki ya mshtakiwa, si ya familia yake, na hawezi kumlazimisha.

"Acha, shemeji," akasema yeye. "Watoto wasikose baba." Kisha akaniomba nikija tena nimletee sabuni ya mche, ile ya bluu, kwa sababu ya upele.

Mume wangu alirudi likizo mwezi uleule. Nilimweleza yote, akaenda gerezani peke yake. Alimsihi mdogo wake, alimwamuru, mwishowe alipiga magoti mbele ya askari. Shemeji alimwambia ainuke, watu wanatazama. Alirudi nyumbani akakaa uani bila kula, na tangu siku hiyo hatujalizungumza. Muda wa rufaa ulipita. Wakili alinipigia kunijulisha, kwa adabu, na nikamshukuru.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tunatoka kanisani, mume wangu mbele amemshika mwanetu mdogo mkono. Karibu na vibanda yule mwanajeshi alikuwa akija upande wetu na familia yake. Walipokutana walisimama. Wakapeana mikono. Nilisikia wakiulizana habari za kazi na za watoto, na yule bwana akainama akamshika mwanangu shavu, akasema amekuwa mkubwa. Mume wangu akacheka. Nilisimama nyuma yao na Biblia yangu mkononi, nikawachukia wote wawili, na papo hapo nikamshukuru Mungu kwamba mume wangu yuko hai.